PIKAPU YA KUUZA SURA ILIVYONIUMBUA KONGWA

Msomaji wangu, leo nakupa mkasa ambao kwa muda mrefu nilikuwa naufanya siri. Washikaji wa kijiweni kwetu Kinondoni wanaijua nusu tu ya stori, ile nusu inayonipendeza. Nusu ya pili, ya aibu, nilikuwa nimeifungia kabatini na ufunguo nimeutupa.

Lakini juzi kati jamaa yangu mmoja alikuja kunitaka ushauri. Anataka kununua pikapu ya kupeleka kwa mzee wake anayefuga ng'ombe kule Handeni. Nikamuuliza anataka ya aina gani. Akanijibu huku macho yakimeta, "Nimeona moja kali mwanangu, ina rimu za kufa mtu!" Mwili ulinisisimka. Nikaona nisiposema sasa, mzee wa watu ataumia kama alivyoumia mjomba wangu. Kaa vizuri basi.

MADUME 24 MKONONI MWANGU

Mwaka ulikuwa 2018. Mjomba wangu, kaka wa mama, ni mfugaji wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Si tajiri wa kutajwa redioni, ila boma lake halikosi ng'ombe 60 na kitu. Jioni moja simu ikaita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Wewe ndiye uliye mjini, magari unayajua. Nimeuza madume 24, na kuna akiba kidogo. Nitafutie pikapu ya kusaidiana na hii kongwe yangu. Nataka gari la kazi, la kuvuta tela. Umenielewa? La kazi."

"Nimekuelewa mjomba, wala usijali."

Kumbe nilikuwa sijaelewa hata herufi moja. Na kuna jambo ambalo mjomba hakunieleza siku ile, nililisikia baadaye kwa mama: katika fedha zile ilikuwemo ada ya binamu yangu, binti wa mjomba, aliyekuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Walikubaliana nyumbani kwamba binti asubiri mwaka mmoja, gari lianze, kwani gari likifanya kazi ada itajileta yenyewe.

Mimi huyo mpaka yadi ya magari, na mchumba wangu wa wakati ule pembeni. Yalikuwepo mapikapu mawili matatu ya kabini moja, meupe, yamechoka sura, viti vya ngozi bandia kama benchi la kituo cha polisi. Nikayapita kama siyaoni. Mwisho wa safu ilikuwepo milango minne, nyeusi ti, rimu zinang'aa, matairi mapana, redio ina kioo cha kubonyeza kwa kidole. Mchumba akaniambia, "Hii ndiyo inafanana na wewe." Hapo biashara ilikuwa imekwisha, tulibaki kuhesabu fedha tu. Shilingi milioni 34 zikaondoka.

Nilipoijaribu barabarani kutoka Morocco mpaka Mwenge, ilinesa laini kama saluni. Nikasema moyoni, hili ndilo gari. Ulaini huo ulikuwa na sababu yake, na niliijua miaka mitatu baadaye, nikiwa nimeshika tama chini ya mbuyu. Jina la kampuni iliyoiunda silitaji, maana aliyekosea zaidi ni mimi.

Nilipoifikisha Kongwa, watoto walishangilia. Mjomba aliizunguka taratibu, akainama akachungulia chini, akagonga boneti kwa kidole.

"Gari zuri," alisema. Akanyamaza kidogo. "Linafaa kwa harusi."

ARDHI ILIYOSHINDA VIFARU

Kwa usiyeijua Kongwa, acha nikudokeze. Kiangazi udongo wake hukauka ukawa kama saruji, na ukipondeka unatoa vumbi linalokwangua chuma kama msasa. Njia za porini zimekatwa na makorongo, na pembeni kote ni miiba.

Hapa ndipo Waingereza walipoanzisha ule mpango wao wa karanga mwaka 1947. Walileta matrekta kwa mamia, mengi yakiwa mabaki ya Vita Kuu ya Pili. Walifikia hadi kugeuza vifaru aina ya Sherman kuwa matrekta, wakayaita Shervick. Wapi! Ardhi ilizila majembe, vumbi likala injini, spea zikawa za kungojea meli. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa, na zaidi ya pauni milioni 30 za walipa kodi wa Uingereza zimefukiwa ardhini. Kongwa ikaja kufaa zaidi kwa ng'ombe, na ndiko iliko moja ya ranchi za taifa zilizo chini ya NARCO.

Mjomba alinihadithia habari hizo usiku wa kwanza, tukiota moto. Akamalizia kwa kunitazama usoni. "Ardhi iliyowashinda wenye vifaru, mpwa wangu, hizo rimu zako zitaiweza?"

Nilicheka. Nilidhani ni utani.

SIKU MAJI YALIPOMWAGIKA

Miaka miwili ya mwanzo pikapu ilienda. Ilibeba pumba, chumvi ya mifugo, majani, na Jumapili watu wa kanisani. Matatizo yalikuwa madogo madogo: mara taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, mara inakosa nguvu mlimani. Kila mara ilibidi ipelekwe Dodoma mjini ikapimwe kwa kompyuta, maana mafundi wa Kibaigwa waliifunua boneti, wakaitazama, wakaifunika.

Oktoba 2021 nikaenda Kongwa likizo. Mvua zilikuwa bado na majani yamekwisha. Ng'ombe mzima katika joto lile hunywa lita 30 mpaka 50 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe kwa ng'ombe 64, hata ukiwahesabu ndama nusu nusu. Na hapo ndipo pampu ya kisima ilipokufa. Gari kongwe la mjomba likaondoka na dereva kwenda Dodoma kutafuta kifaa cha pampu. Pikapu nyeusi ikabaki na kazi ya kuchota maji kisima cha kijiji cha pili, kilomita 14. Dereva? Mimi hapa, mtaalamu kutoka mjini.

Siku nne nilikwenda na kurudi, tela nyuma lenye tangi la lita 2,000. Siku ya tano, saa sita mchana, nikaongeza na mapipa mawili mgongoni, na vijana wanne wakakaa juu yake. Vioo nimefunga, kiyoyozi kinapuliza, muziki unadunda. Tulipofika kwenye mpando wa kutoka korongoni nikaona geji ya joto imepanda. Nikasema tumalizie mpando kwanza, juu huko itapoa.

Haikupoa. Katikati ya mpando moshi mweupe ukafumuka mbele, injini ikakohoa ikazima. Nikakanyaga breki. Pikapu ikataka kusimama, tela halikutaka. Likatuvuta kinyumenyume, likajikunja upande, likapinduka. Tulinusurika, vijana waliruka kama panzi. Lakini tangi lilipasuka, na maji yote yakaingia mchangani. Msomaji wangu, dakika mbili tu hukuona hata alama kwamba palikuwa na maji pale.

Mtandao wa simu hakuna. Tukatembea kwa miguu mpaka bomani, kilomita sita. Nilipomweleza mjomba, hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu.

"Geji ulikuwa unaiona?"

"Nilikuwa naiona mjomba."

Akatikisa kichwa, akachukua fimbo yake, akatoka.

Usiku ule majirani walituokoa kwa mikokoteni ya punda, pipa moja moja, mpaka alfajiri. Ndiyo, punda! Milioni 34 zimelala korongoni, na punda wanapita pembeni yake na maji. Gari kongwe lilirudi kesho yake jioni, likafungwa tela la kuazima, likabeba maji usiku kucha bila kukohoa. Lakini ndama watano na mitamba wawili, waliokuwa wamedhoofu tayari, hawakuiona siku ya tatu.

MAITI YAPASULIWA

Pikapu ilikokotwa hadi Dodoma kwa fundi mmoja mzee, mtu wa maneno machache na ovaroli iliyokuwa bluu zamani. Aliifungua kipande kwa kipande, na kila kipande alinionyesha. Somo lile sikulipia, lakini ndilo ghali kuliko yote niliyowahi kupata.

Kwanza rejeta. Mbele yake imekaa rejeta ya kiyoyozi, na katikati ya hizo mbili mbegu za nyasi na vumbi vilikuwa vimeshikana kama godoro. Upepo hausogei. Kwenye lami huwezi kujua, kwa sababu injini haifanyi kazi kubwa. Lakini ukivuta tani mbili na nusu mpandoni kwa mwendo wa konokono, joto linakosa pa kutokea. Gasketi ilikuwa imeungua na silinda hedi imepinda.

Pili chasisi. Nyuma kidogo ya kabini palikuwa na ufa unaoingia kucha. Fundi akanieleza kuwa pikapu ya milango minne, kabini imekula nafasi, kwa hiyo mzigo unakaa nyuma zaidi, unapita ekseli. Ongeza uzito wa tela unaoning'inia mkiani, kila shimo la barabara linakuwa kama mtu anayekunja kijiti gotini. Siku moja kitakatika tu.

Tatu, na hapa nilitamani ardhi ipasuke, springi. "Hesabu vyuma vya upande huu," fundi aliniambia. Nikahesabu. Kila upande kilikuwa kimetolewa chuma kimoja, na alama ya pale kilipokuwa inaonekana. Kuna mtu kabla yangu alitaka gari linese vizuri mjini. Ule ulaini wa Morocco mpaka Mwenge ulionifurahisha ndio ulikuwa ugonjwa wenyewe.

Nne hesabu. Kitabu cha gari kilikuwemo kwenye droo, sijawahi kukifungua. Kinasema gari libebe karibu tani moja, na livute tani 2.5, tena kwa tela lenye breki zake. Tela lisilo na breki, kilo 750 basi. Tela la mjomba halikuwa na breki, nalo na maji yake lilikuwa kilo 2,600, mbali na mapipa na vijana mgongoni. Fundi akauliza, "Sasa hapo gari ndilo baya?" Sikuwa na jibu.

KONGWE LINAISHIJE?

Sasa tuje kwa hilo gari kongwe. Ni Land Cruiser pikapu ya mwaka 1996, kabini moja, ambayo mjomba aliinunua mwaka 2006 mnadani, ikiwa imeshatumika miaka kumi kwenye mradi wa wafadhili. Geji ya kilomita ilikufa ikisoma 387,000, na tangu hapo hakuna anayejua.

Mfululizo huo wa Land Cruiser 70 ulianza kutoka mwaka 1984, na injini ya mjomba ni ile iitwayo 1HZ, iliyoanza 1990. Ina silinda sita, lita 4.2, haina tabo, haina kompyuta ya kuamuru dizeli. Kwa ukubwa wake ina nguvu chache, haifiki hata kilowati 100. Vijana wa mjini tunaicheka, injini kubwa hivyo na mwendo wa bibi harusi! Fundi alinisahihisha. Injini ndogo yenye tabo inatoa nguvu kwa kujikamua, na ukiivutisha tela siku nzima inajikamua siku nzima. Injini kubwa isiyo na haraka inafanya kazi ileile ikiwa bado na akiba. Ni sawa na kumbebesha gunia mtoto mwenye misuli na kumbebesha baba mtu mzima. Wote wawili watafika leo, muulize mtoto baada ya miaka kumi.

Kuna na suala la dizeli. Injini za kisasa husukuma dizeli kwa presha ya baa zaidi ya 1,300, wakati tairi la gari dogo lina baa kama mbili tu. Kwa presha hiyo tone la maji au uchafu wa dumu linatosha kuharibu nozeli, na bei ya nozeli hizo ni ya kukaa chini kwanza. Pampu ya zamani inasamehe zaidi, na hata ikigoma fundi wa Kibaigwa anajua aanzie wapi.

Halafu ekseli ya nyuma. Kwenye pikapu nyingi nyepesi, shafti inayozungusha tairi ndiyo hiyohiyo inayobeba uzito wa gari. Kwenye Land Cruiser hii uzito unabebwa na nyumba ya ekseli, shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Shafti ikikatika, tairi linabaki mahali pake. Ukiwa na tela la ng'ombe wanane usiku porini, utaelewa nasema nini.

Msije mkasema nimehongwa. Kijiweni kwetu wapo wa Land Rover ambao hawasikii la mtu, na wana haki yao. Gari lile lilianza 1948, na Defender ya zamani iliendelea kuundwa mpaka Januari 2016. Bodi yake ni ya alumini haioti kutu, ila chasisi ni chuma, ndiyo ya kuchungulia. Wapo wazee wanaoilia Peugeot 504 pikapu mpaka leo. Wapo wa Isuzu. Na wapo wa Hilux, gari lililoanza 1968, wanaokukumbusha jinsi Wachadi walivyowatimua Walibya mwaka 1987 wakiwa juu ya mapikapu ya Toyota, mpaka vita ikaitwa Vita ya Toyota. Watakutajia na kile kipindi cha televisheni cha Uingereza, Top Gear, ambacho mwaka 2003 kiliizamisha Hilux baharini, kikaichoma moto, kikaiweka juu ya ghorofa lililolipuliwa, nayo ikawaka.

Nilimsimulia mjomba habari hiyo. Akanijibu, "Hao waliitesa siku chache. Mimi yangu naitesa kila siku, na kesho yake naihitaji." Hapo ndipo penye tofauti. Kuna gari gumu la kuvumilia pigo moja, na kuna gari la kudumu kazini. La pili halitegemei jina la kwenye boneti peke yake, linategemea na wewe mwenyewe.

Na mjomba ana taratibu zake. Kila asubuhi kabla ya kuwasha anapima oili na maji. Kila wiki anakung'uta ea klina, na rejeta anaiosha kwa maji ya taratibu kutoka upande wa injini kwenda mbele, mbegu zitoke zilikoingilia. Kila mwezi grisi. Kwenye filta ya dizeli anamwaga maji yaliyotulia chini. Ule mkonga pembeni ya kioo, ambao wewe unadhani ni wa kuvukia mito tu, kwake ni wa vumbi: unavuta hewa ya juu ambako vumbi ni chache. Na pamoja na sifa zote za 1HZ, mkanda wake wa taimingi ni wa mpira, hivyo anaubadilisha kila kilomita 100,000 kama wanavyoshauri mafundi wengi. Geji yake imekufa, kwa hiyo anahesabu kwa daftari. Mkanda ule ukikatika injini haina ujanja, hata iwe Land Cruiser ya mfalme.

TELA LINA ADABU ZAKE

Ukivuta tela, uzito kidogo ulalie kwenye ndoano ya gari, kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela. Ukipakia mzigo nyuma sana, tela litaanza kucheza mkia barabarani, na likishacheza hulishiki. Ukipakia mbele kupita kiasi, pua ya gari inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi, nayo si dalili njema. Tangi la maji lijae kabisa au liwe tupu. Nusu tangi ni hatari, maji yanakimbia huku na huku na kulisukuma gari kwenye kona. Na mgongo na mkia vinagawana: ukijaza huku, punguza kule.

Geji ikipanda mpandoni, zima kiyoyozi, shuka gia, usilazimishe. Ikiendelea, simama, weka mawe matairini, acha injini iunguruме taratibu ipoe. Kama maji yameshamwagika, hapo zima. Mfuniko wa rejeta usiuguse ikiwa moto, utabadilika sura. Mimi ningefanya hayo tu, dakika 20 za kungoja, ndama wale wangekuwa hai.

KABLA HUJATOA MSHIKO

Kwa hiyo wewe unayetaka kumnunulia mzee gari la shamba, nakuomba ufanye haya. Nenda asubuhi na mapema, gusa injini iwe ya baridi, kisha ndiyo iwashwe. Ikiwa umekuta imeshapashwa moto, jiulize wanaficha nini. Ingia chini na tochi, fuata chasisi kuanzia nyuma ya kabini mpaka mkiani, na ukiona sehemu imepakwa rangi mpya peke yake, kwaruza. Hesabu vyuma vya springi pande zote mbili. Fungua mfuniko wa oili, ukiona utando kama maziwa ya mgando, shika njia yako. Mwambie muuzaji mpakie mzigo muupandishe mlima. Akikataa, amekujibu.

Soma pia kibati cha chini ya boneti, ujue gari liliundwa kwa ajili ya nchi gani. Usidhani kila pikapu ya Kijapani imetokea Japan. Hilux iliondolewa kwenye soko la huko mwaka 2004, ikarudi 2017 tu, na Land Cruiser pikapu hii ya sasa iliuzwa kwao kwa muda mfupi kati ya 2014 na 2015. Kwa hiyo haya mengine yamepita nchi mbalimbali, na injini na spea zinaweza kutofautiana hata kama sura ni moja. Kabla ya kununua, piga simu kule gari liendako, si Gerezani. Uliza fundi wa kule anaijua injini hiyo? Filta zake zinapatikana? Spea iliyoko Kariakoo haimsaidii mtu aliyeko korongoni.

MWISHO WA YOTE

Pikapu nyeusi tulitengeneza injini, tukaunga chasisi, tukaiuza kwa hasara huku tumemweleza mnunuzi kila kitu. Yeye aliitaka kwa safari za mjini, na huko nadhani itamfaa. Binamu yangu alikuwa amesubiri ule mwaka mmoja, ukawa miwili, mitatu. Mwaka 2022 nikauza kagari kangu kadogo, fedha nikaipeleka ada yake ya mwaka wa kwanza. Mchumba aliyesema pikapu ile inafanana na mimi alishaondoka zamani, na nadhani alisema kweli.

Mjomba naye alipata kabini moja nyingine mnadani, nyeupe, imechakaa viti, chasisi haina doa. Safari hii alikwenda mwenyewe, na mimi alinichukua kushika tochi. Alilala chini ya gari karibu nusu saa. Alipotoka, shati zima vumbi, alinipa mkono nimwinue.

"Umeona kitu mpwa wangu?"

"Vyuma vya springi ni sawasawa pande zote, mjomba. Nimehesabu mara mbili."

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya korongoni. "Sasa umeanza kuyajua magari."

Haya msomaji wangu, mie nakimbilia mwendokasi kabla foleni haijawa ndefu. Yule jamaa wa Handeni nimemwambia nitafuatana naye yadi Jumamosi. Yeye aje na fedha, mimi nakuja na tochi.